Mwenye Ufunguo wa Lango Ndiye Mwenye Nyumba

Tarehe 29 Desemba, 2025, Waziri wa Mambo ya Nje wa Urusi, Bw Sergei Lavrov, aliutangazia ulimwengu kwamba ndege 91 zisizo na rubani zilirushwa usiku kutoka Ukraine kwenda kuyashambulia makao ya Rais Vladimir Putin katika jimbo la Novgorod, na kwamba zote ziliangamizwa. Siku hiyo hiyo Rais Volodymyr Zelensky wa Ukraine alijibu kwamba huo ni uzushi mtupu.

Mimi siishi Moscow wala Kiev, na sikuwapo kuona kilichoanguka katika theluji ya Urusi usiku ule. Mabishano hayo nawaachia wenyewe. Lililonishika mimi ni jambo dogo lililopitwa haraka katika habari ile. Msemaji wa Rais Putin aliulizwa mkubwa wake alikuwa wapi wakati huo, naye akakataa kusema. Basi dunia nzima ikawa inabishana juu ya nyumba kushambuliwa, na hakuna mtu wa nje aliyejua kama mwenye nyumba alikuwamo.

Nyumba yenyewe iko msituni kando ya ziwa Valdai, kati ya Moscow na St Petersburg. Waandishi waliochunguza picha zilizopigwa kutoka angani wameandika kwamba makao hayo yamezungukwa na minara ya silaha za kutungulia ndege. Waandishi wengine wa Kirusi wameeleza kwamba Rais huyo ana ofisi zaidi ya moja zilizopambwa sawasawa, meza kwa meza na pazia kwa pazia, hata anayemtazama katika televisheni hawezi kujua kama yuko Sochi ufuoni, Valdai msituni, au kando ya Moscow. Ikulu ya Kremlin ilikanusha. Lakini ukweli ni kwamba mwananchi wa Urusi hana njia ya kupima nani asema kweli.

Nimelifikiria jambo hili kwa siku nyingi, na nimeona kwamba historia ya nchi ile ile ya Urusi ina fundisho kubwa juu ya nyumba za namna hii. Na fundisho lenyewe halituhusu sisi kwa mbali. Linatuhusu kwa karibu.

UKUTA WA MAMA NGINA

Nimekulia Mombasa, na ukuta wa mkubwa naujua tangu utotoni. Jumapili jioni wazazi wetu walituchukua Mama Ngina Drive kupunga upepo. Tulikula mihogo iliyotiwa pilipili na ndimu, tukanywa madafu, tukazitazama meli zikiingia Kilindini. Karibu na hapo ndipo ilipo Ikulu ya Mombasa. Sisi watoto tulijua mpaka wa kuchezea. Mpira ukiviringika kuelekea upande ule, ulikuwa umekwenda. Hakuna aliyetuambia tusiufuate, lakini hakuna aliyeufuata.

Mzee Jomo Kenyatta alipenda kuja pwani kupumzika. Alipokuwapo tulijua kwa ving'ora, kwa askari waliopangwa barabarani, na kwa askari kanzu waliojifanya wanasoma magazeti. Kumwona mwenyewe ilikuwa bahati. Gari lilipita, usinga ukapepea dirishani, basi. Jioni tulisimuliana nani aliuona usinga na nani aliona kofia.

Alfajiri ya tarehe 22 Agosti, 1978, Mzee alifariki ndani ya Ikulu hiyo. Sisi tuliokuwa nje ya ukuta, mwendo mfupi tu kwa miguu, hatukujua lolote. Mwili ulikuwa umekwisha kusafirishwa Nairobi nasi tunanunua mkate kama siku zote. Habari tuliipata mchana kwa redio, sawasawa na mtu wa Lodwar au Mandera. Marehemu baba yangu alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe tulikuwa jirani wa ukuta tu."

Neno hilo limekaa nami miaka yote hii.

DACHA NI KITU CHA KUPEWA

Sasa twende Urusi. Warusi wana neno "dacha", maana yake nyumba ya kupumzikia nje ya mji. Mtu wa kawaida naye anaweza kuwa nayo. Kwake ni kibanda cha mbao na shamba dogo la viazi na matango, anakokwenda wakati wa kiangazi kukimbia joto la mji. Asili ya neno hilo ni kitenzi cha kutoa. Zamani za wafalme, dacha ilikuwa ardhi aliyopewa mtu na mtawala. Yaani katika jina lenyewe la nyumba mna habari ya aliyetoa, na anayetoa aweza pia kutwaa.

Wakubwa wa Chama cha Kikomunisti walipewa dacha za namna nyingine. Zilijengwa ndani ya misitu ya misonobari au kando ya Bahari Nyeusi, zikazungukwa na kuta ndefu na askari. Nyumba hazikuwa zao, zilikuwa za serikali. Mlinzi, mpishi, dereva na fundi wa simu, wote walikuwa watu wa idara za usalama. Mkubwa alikuwa na kila kitu humo, isipokuwa mtu mmoja ambaye mshahara wake haukutoka katika idara hizo.

Tazama basi yaliyowapata watatu kati yao.

Wa kwanza ni Joseph Stalin. Huyu alikuwa na nyumba kadhaa za kupumzikia kusini, Sochi na Abkhazia, na nyingine Kuntsevo, nje kidogo ya Moscow, ambako ndiko hasa alikoishi. Nyumba ya Kuntsevo ilipakwa rangi ya kijani ili ifichike mitini. Waliomtumikia wamesimulia kwamba alilala juu ya kochi, leo chumba hiki na kesho kile. Na palikuwa na amri moja kubwa: mtu asiingie kwake mpaka aitwe.

Jumapili, tarehe 1 Machi, 1953, Stalin hakuita mtu. Asubuhi ikapita, mchana ukapita. Walinzi wakatazamana. Jioni taa ikawaka chumbani, wakashusha pumzi, wakangoja tena. Hakuna aliyethubutu kubisha hodi. Usiku ulipokwisha kuwa mkubwa, mlinzi mmoja alijipa moyo, akachukua barua zilizoletwa kutoka mjini ili awe na sababu ya kuingia, akamkuta mkubwa wa nchi amelala sakafuni, amepooza na hawezi kusema. Amekaa hapo saa ngapi, Mungu ndiye ajuaye. Hata baada ya wakubwa wenzake kuarifiwa, madaktari hawakufika mpaka asubuhi ya pili. Tena baadhi ya madaktari bingwa wa nchi walikuwa gerezani, kwa kuwa mwezi wa Januari mwaka ule serikali yake iliwashtaki kwa uongo kwamba walikula njama ya kuwaua viongozi. Tarehe 5 Machi alikufa.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Mzee wa kijijini akianguka nyumbani kwake, mjukuu atapiga kelele na majirani watajaa uani kabla chai haijapoa. Mtu aliyekuwa na jeshi kubwa kuliko yote barani Ulaya alilala chini peke yake, na hofu aliyoipanda mwenyewe ikawazuia walinzi wake wasimwokoe.

Wa pili ni Nikita Khrushchev. Mwezi wa Oktoba, 1964, alikuwa akipumzika Pitsunda, Abkhazia, katika nyumba iliyo ndani ya msitu wa misonobari ufuoni. Kabla ya hapo alionywa. Mtu aliyewahi kuwa mlinzi wa mkubwa mmoja alimwendea mwanawe, Sergei, akamweleza kwamba wenzake wanapanga kumwondoa. Khrushchev alilichukua jambo hilo kwa wepesi, akaenda zake likizoni.

Tarehe 12 Oktoba alizungumza kwa simu na wanaanga watatu wa chombo cha Voskhod waliokuwa wakiizunguka dunia. Sauti yake ilifika hata angani. Jioni ile ile simu ililia kutoka Moscow: kuna mkutano wa haraka, rudi. Siku ya pili aliporudi, aliyempokea kiwanjani alikuwa mkuu wa KGB, na walinzi wa nyumbani kwake walikuwa wamekwisha kubadilishwa. Tarehe 14 akaondolewa madarakani. Hakuna risasi iliyopigwa wala lango lililovunjwa. Zamu ilibadilishwa tu.

SIKU TATU ZA FOROS

Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha tatu, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikifuata siku kwa siku nikiwa kijana.

Foros ni kijiji kilicho kwenye ncha ya kusini ya Crimea. Nyuma kuna majabali, mbele kuna Bahari Nyeusi. Katika miaka ya 1980 serikali ilimjengea Mikhail Gorbachev nyumba ya kiangazi huko, iliyoitwa Zarya, yaani Mapambazuko. Ilikuwa nyumba ya fahari, hata kutoka juu mpaka ufuoni palitiwa ngazi zinazokwenda zenyewe kwa umeme. Wapo wasaidizi wake walioinung'unikia gharama hiyo, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa akiwahubiria wananchi habari ya kubana matumizi na kuendesha mambo kwa uwazi.

Jumapili, tarehe 18 Agosti, 1991, Gorbachev alikuwa ofisini mwake humo. Likizo ilikuwa inakwisha. Tarehe 20 ilipangwa atie sahihi Moscow mkataba mpya wa kuzipa jamhuri za Muungano wa Sovieti mamlaka zaidi. Yapata saa kumi na moja jioni mkuu wa walinzi wake alimwarifu kwamba wamefika wageni. Gorbachev alishangaa, kwa maana hakumwalika mtu. Akauliza wamepitaje langoni. Jibu likawa kwamba pamoja nao yuko Jenerali Yuri Plekhanov.

Huyo Plekhanov ndiye aliyekuwa mkuu wa idara yote ya KGB ya kuwalinda viongozi. Lango lilikuwa lake.

Gorbachev akanyanyua simu. Kimya. Akanyanyua ya pili. Kimya. Akajaribu zote, hata ile ya kuzungumza na majeshi, na zote zilikuwa zimekatwa. Akaenda kumwambia mkewe Raisa, binti yake na mkwewe kwamba yawezekana wamekwisha kuwa mahabusi.

Wageni walikuwa nani? Mmoja alikuwa Valery Boldin, mkuu wa ofisi yake mwenyewe, aliyemfanyia kazi kwa miaka. Wengine walikuwa wakubwa wa Chama na viwanda vya silaha, pamoja na Jenerali Valentin Varennikov, mkuu wa majeshi ya nchi kavu. Walimtaka atangaze hali ya hatari au ampe madaraka makamu wake. Alikataa, tena kwa maneno makali. Wakaondoka, na Plekhanov akaondoka na yule mkuu wa walinzi aliyemlinda Gorbachev kwa miaka mingi. Kweli wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Asubuhi ya tarehe 19 redio ya Moscow ikatangaza kwamba Rais ni mgonjwa na kwamba Makamu wa Rais Gennady Yanayev ameshika nafasi yake. Televisheni ikaonyesha ngoma ya kizungu ya mabata maji mara kwa mara. Vifaru vikaingia mjini. Huko Foros, gari za nyumbani zilifungiwa gereji na kulindwa na watu wenye bunduki, manowari zikaonekana baharini, na mashine zilizotumiwa kupitishia amri za silaha za nyuklia zikawa hazina mawasiliano. Kuta zile zile, askari wale wale waliowekwa kuzuia adui asiingie, sasa walimzuia mwenyewe asitoke. Hata tofali moja halikuhitaji kuongezwa.

Jambo lililoiokoa familia isipotewe na akili lilikuwa redio. Walinzi wachache waliobaki waaminifu walitafuta redio za zamani katika vyumba vya watumishi, na mkwewe alikuwa na redio ndogo ya mkononi. Kwa redio hizo walisikiliza BBC, Sauti ya Amerika na Radio Liberty. Humo ndimo Gorbachev alimosikia kwamba yeye ni mgonjwa. Humo pia ndimo alimosikia kwamba Boris Yeltsin amepanda juu ya kifaru mbele ya jengo la serikali ya Urusi na kuwaita wananchi wakatae.

Usiku ule nami nilikuwa Mombasa, nimekaa barazani na redio yangu ya betri, naizungusha zungusha kutafuta masafa mafupi, Idhaa ya Kiswahili ya BBC inakuja na kupotea kama wimbi. Baadaye, nilipoyasoma yaliyotokea Foros, nilicheka na kusikitika pamoja. Kijana wa Mombasa asiye na cheo, na Rais wa dola yenye maelfu ya mabomu ya nyuklia, tulikuwa tunasubiri habari kwa shirika moja la utangazaji. Nami nilikuwa na nafuu, kwa sababu niliweza kutoka nje kumuuliza jirani amesikia nini.

Usiku huo mkwewe alimpiga picha ya video akisema kwamba yeye ni mzima na kwamba amepinduliwa. Wakaukata mkanda vipande, wakavifunga kwa karatasi na kuvificha, wakitafuta njia ya kuvipenyeza nje. Waliogopa hata chakula wasije wakatiwa sumu. Tarehe 21 redio iliposema kwamba wakubwa wa njama wanakuja kuonyesha jinsi Rais alivyo mgonjwa, Bi Raisa aliingiwa na hofu kwamba basi watamfanya mgonjwa kweli ili uongo wao uwe kweli. Pale pale mwili ukamwisha nguvu, mkono ukafa ganzi na ulimi ukawa mzito.

Lakini kufikia saa hizo njama ilikuwa imekwisha kuvunjika Moscow. Ilivunjwa na watu wasio na ukuta. Maelfu walisimama siku na usiku, mvuani, mbele ya lile jengo alimokuwa Yeltsin, wakiweka mabasi na vyuma kuzuia vifaru. Vijana watatu walipoteza maisha usiku wa kuamkia tarehe 21. Askari wengi walikataa kuwapiga wananchi. Wapinduzi wakaruka kwenda Foros kuomba kuonana na Gorbachev, naye akakataa kuwapokea mpaka simu zirudishwe. Usiku wa manane alirejea Moscow, na picha za mkewe akishuka ndege akiwa amechoka, pamoja na wajukuu waliofunikwa blanketi, zilionekana ulimwenguni kote.

Si kila mtu anakubali kisa hiki kama Gorbachev alivyokisimulia. Washtakiwa walidai kwamba hakufungiwa kweli na kwamba angeweza kutoka kama angetaka. Wengi wao walisamehewa na bunge mwaka 1994. Varennikov alikataa msamaha, akashtakiwa na kuachiliwa huru mwaka huo huo. Sitawaamua. Nasema tu kwamba nyumba ambayo hata baada ya miaka mingi watu hawawezi kukubaliana kama aliyemo alikuwa Rais au mfungwa, hiyo ina kasoro katika msingi wake.

Na sikiliza mwisho wake. Tarehe 8 Desemba mwaka ule ule, Yeltsin na viongozi wa Ukraine na Belarus, Leonid Kravchuk na Stanislav Shushkevich, walikutana Viskuli, nyumba ya wawindaji ya serikali ndani ya msitu wa Belovezha. Nayo ilijengwa kwa ajili ya mapumziko ya wakubwa wa Sovieti. Humo walitia sahihi kwamba Muungano wa Sovieti haupo tena. Rais wa Marekani, George Bush, alipigiwa simu kabla ya Gorbachev. Mamilioni ya raia wa nchi hiyo waliamka siku ya pili wakaambiwa kwamba mambo yao yamekwisha kuamuliwa mahali wasipoweza kuingia.

Tarehe 25 Desemba, 1991, Gorbachev alijiuzulu. Nyumba ya Foros ikawa ya serikali ya Ukraine, na tangu 2014, Urusi ilipoitwaa Crimea, imo mikononi mwa Urusi. Mwenyewe alifariki tarehe 30 Agosti, 2022. Dacha ni kitu cha kupewa.

NA SISI JE?

Mtu aweza kuniuliza, je, unataka viongozi walale barazani? La. Kiongozi ni binadamu, anahitaji kupumzika, na maadui anao. Waziri Mkuu wa Sweden, Olof Palme, alipigwa risasi tarehe 28 Februari, 1986, akitoka sinema usiku kwa miguu na mkewe bila mlinzi hata mmoja. Hakuna mwenye akili atakayesema hilo ni jema.

Ninachosema ni kwamba ukuta hufanya kazi mbili, nasi hutajiwa moja tu. Huzuia risasi, na huzuia habari. Habari za nje haziingii isipokuwa kwa ruhusa ya mlinda lango, na za ndani hazitoki isipokuwa kwa ruhusa yake. Siku zikipita, mkubwa anawajua watu wake kwa kuambiwa, na watu wanamjua yeye kwa kuambiwa. Katikati amekaa mtu mmoja au wawili wasiochaguliwa na yeyote, nao ndio wenye nchi. Kadiri ukuta unavyokuwa mrefu, ndivyo mlinda lango anavyokuwa mkubwa.

Turudi kwetu. Tarehe 1 Agosti, 1982, asubuhi ya Jumapili, Rais Daniel arap Moi alikuwa nyumbani kwake Kabarak. Wanajeshi wa Angani walikuwa wameiteka Sauti ya Kenya, na mtangazaji mashuhuri Leonard Mambo Mbotela akalazimishwa kusoma kwamba serikali imepinduliwa. Wengi wetu tuliamka tukalisikia tangazo hilo, na hatukujua Rais yuko wapi, yu hai au la. Siku hiyo jeshi la nchi kavu lilisimama na serikali, na Rais akarudi Nairobi. Lakini kwa muda wa saa kadhaa Kenya nzima ilikuwa Foros. Simu hazina maana, redio ina maneno ya mwingine, na kila mtu anauliza jirani.

Tena nakumbuka Agosti ile ya 1978. Watu wengi waliogopa kwamba Mzee akifa nchi itawaka. Miaka miwili nyuma, mwaka 1976, palikuwa na kundi la wanasiasa lililotaka Katiba ibadilishwe ili Makamu wa Rais asiweze kushika nafasi hata kwa muda. Hawakufaulu. Basi Mzee alipofariki nyuma ya ule ukuta wa Mombasa, sheria iliyojulikana na kila mtu ilisema kwamba Makamu wa Rais atashika kwa siku 90, na siku ile ile Moi akaapishwa. Kilichotulinda siku hiyo ni maneno machache yaliyoandikwa na kusomwa na wote. Urusi ya 1953 haikuwa na maneno kama hayo. Wakubwa walikuwa na nyumba ya kijani, na walinzi wakingoja taa iwake.

Kwa hiyo tunapoona leo, Urusi au penginepo, minara ikiongezwa msituni na ofisi zikifananishwa ili watu wasijue mkubwa yuko wapi, tusiseme upesi kwamba huyo ana nguvu sana. Pengine ana hofu sana. Mwezi wa Januari, 2021, Alexei Navalny alitoa filamu juu ya jumba la fahari karibu na Gelendzhik, ufuo wa Bahari Nyeusi, akidai ni la Putin. Rais alikanusha, na mfanyabiashara mmoja rafiki yake akasema ni lake yeye. Filamu ilitazamwa zaidi ya mara milioni mia moja. Watu wengi hivyo wanapokodoa macho kutazama ndani ya ukuta mmoja, ni dalili ya njaa. Wana njaa ya kujua. Navalny mwenyewe alifia gerezani tarehe 16 Februari, 2024. Siku moja lango hilo nalo litafunguliwa, na hakuna ajuaye atakayelifungua atakuwa nani.

Mwezi uliopita niliwapeleka wajukuu Mama Ngina kupunga upepo. Pametengenezwa, pamekuwa pazuri, mihogo na madafu bado vipo. Mdogo wao alionyesha kule kwenye miti akaniuliza, "Babu, kule anakaa nani?" Nikamwambia ni Ikulu, nyumba ya Rais anapokuja Mombasa. Akauliza, "Sasa hivi yumo?"

Nikamjibu kwamba sijui. Akaniona babu mjinga. Lakini swali lake ni zuri, na katika nchi iliyo salama mtoto huweza kuliuliza kwa sauti, hapo hapo nje ya ukuta, bila babu yake kutazama nyuma. Sikutazama nyuma. Tulinunua madafu mengine, tukaenda kungoja feri.